Nafasi Moja kwa Kila Mia: Hotuba kwa Wahitimu Watakaosoma Maombi ya Ufadhili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi ya wadhamini, wajumbe wa bodi, ndugu wahitimu mliosomeshwa na mfuko huu, na nyinyi wanangu ambao bado mko darasani, habari za asubuhi.

Leo tumekuja kufanya kazi. Kabla ya mchana kila mhitimu aliyejitolea kusoma maombi atakuwa ameshika faili lake la kwanza. Kwa hiyo nitasema na wasomaji kwanza, tena kwa kirefu. Wengine mtaniwia radhi, zamu yenu itafika.

Ufadhili wa kumsaidia asiye na uwezo unaanzia kwenye hati: kipato cha mzazi, idadi ya wanaomtegemea, ada inayodaiwa. Mtu anaweza kukaa na kikokotoo akapata jibu. Ufadhili wa sifa, yaani wa kumchagua mtu kwa ubora wake, hauna kikokotoo. Una matokeo ya mtihani, insha mbili, barua za walimu na dakika thelathini za usaili, na katikati ya karatasi hizo yupo binadamu anayeamua. Binadamu huyo ni wewe. Tukikosea hapo, hakuna posho wala mlezi, yule mhitimu anayemwongoza mfadhiliwa, atakayekuja kusahihisha kosa, maana aliyestahili atakuwa ameshakwenda zake na hatutamjua kamwe.

Programu nyingi za aina hii zilichukua mfano kwa ufadhili wa Rhodes wa Oxford. Ule wa Morehead, ulioanzishwa mwaka 1945 katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, ni mmojawapo. Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza aliyeacha mali ya kuanzisha ufadhili huo, alifariki mwaka 1902, na wosia wake ulitaja mambo manne ya kutazamwa: usomi, michezo, tabia na uongozi. Ulipendekeza kila jambo lipimwe peke yake na watu tofauti: usomi kwa mtihani, michezo na tabia kwa kura za wanafunzi wenzake, uongozi kwa mkuu wa shule. Wosia huohuo ulisema mtu asikataliwe kwa sababu ya asili yake wala dini yake. Ni maneno mazuri. Alain Locke, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ufadhili huo, alichaguliwa mwaka 1907. Baada yake hakuchaguliwa Mmarekani mweusi mwingine hadi miaka ya 1960. Wanawake walizuiwa na wosia wenyewe mpaka mwaka 1977, lakini katika suala la rangi andiko halikuwa kikwazo. Kamati zilikuwa nalo mkononi, zikaendelea kuchagua waliofanana na wajumbe wake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mara nyingi hajui kama anavuta.

Nasema haya kwa sababu wasomaji wetu wote ni wahitimu wa mfuko huu. Hilo ni jambo jema, mnajua kazi inavyodai. Lakini pia mna picha kichwani ya mtu anayefaa, na picha hiyo ni yenu wenyewe mlipokuwa na miaka kumi na minane. Karibu kila utaratibu nitakaoueleza umewekwa ili picha hiyo isikae kwenye kiti cha mwamuzi.

Tuanze na muda. Chukulieni mfuko unaopata maombi 2,000 kwa nafasi 20, yaani nafasi moja kwa kila waombaji 100. Kila faili husomwa na watu wawili, kwa hiyo kuna usomaji 4,000. Faili moja likisomwa kwa uangalifu huchukua dakika 15, jumla ni saa 1,000. Wasomaji wakiwa 50, kila mmoja anapata mafaili 80, nayo ni saa 20. Zigawe kwa wiki nne, unapata saa tano kila wiki. Asiyekuwa na saa tano kwa wiki aseme leo, hakuna atakayemlaumu. Anayetuumiza ni yule anayekubali, anakaa na mafaili wiki tatu, kisha anayamaliza yote 80 usiku wa mwisho kwa dakika nne nne. Mwombaji wake wa sabini na tano hana tofauti na mtu ambaye hakuomba kabisa.

Soma mafaili kumi, kisha inuka. Tembea, kunywa maji, rudi baada ya robo saa. Alama za msomaji aliyechoka hazishuki tu, hujikusanya katikati: kila mtu anapata 3, na 3 haitusaidii kuchagua.

Kipimo chetu ni 1 hadi 5 kwa kila kigezo, na kila namba ina maelezo yaliyoandikwa kwenye mwongozo wa kusahihisha. Usipouzingatia mwongozo, 4 yako na 4 ya mwenzako ni vitu viwili tofauti. Kwenye uongozi, kwa mfano, 1 ni cheo kisicho na kazi: aliitwa kiranja, hakuna alilofanya tunaloweza kulitaja. 3 ni mtu aliyeshika jambo lililoanzishwa na wengine akalifikisha mwisho. 5 ni aliyeanzisha kitu, au aliyekarabati kilichokuwa kimevunjika, na kitu hicho kikaendelea kwenda hata yeye alipoondoka. Angalieni kwamba cheo hakimo kwenye maelezo ya 5. Yapo mafaili ya 5 ambayo hayana cheo chochote.

Mpangilio wa kusoma nao una maana. Anza na insha, nenda kwenye shughuli, kisha barua za walimu, na matokeo ya mitihani yawe ya mwisho. Ukianza na matokeo, ukaona safu ya alama za juu, insha utaisoma kwa mapenzi; kila sentensi legelege utaipa udhuru. Kinyume chake ni hivyohivyo. Andika alama ya kigezo cha kwanza pamoja na sentensi moja ya ushahidi kabla hujagusa kigezo cha pili. Sentensi hiyo inoe, iwe na jambo lililotendeka. "Kijana mzuri sana" haimsaidii mwenyekiti wa jopo. "Aliandaa ratiba ya zamu ya maktaba, ikatumika mihula mitatu" inamsaidia.

Faili linalofuata baada ya faili bora huonekana dhaifu kuliko lilivyo. Ndiyo maana wasomaji wawili wa mwombaji mmoja hawapewi mafaili kwa mpangilio uleule. Alama zenu zikitofautiana kwa pointi 2 au zaidi, faili linakwenda kwa msomaji wa tatu ambaye haoni mliloandika. Hatuwaiti wawili nyinyi mkae mkubaliane. Katika makubaliano hushinda mwenye umri mkubwa au sauti kubwa, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejaza fomu ya maombi.

Matokeo ya mtihani yasomwe pamoja na shule. Wa kwanza katika shule isiyo na maabara na wa kumi katika shule yenye maabara tatu hawawezi kulinganishwa kwa kutazama namba mbili. Kila faili lina ukurasa wa maelezo ya shule: masomo inayofundisha, ukubwa wa madarasa, wangapi huendelea hadi chuo kikuu. Ukurasa huo ndio unaorukwa zaidi ya mwingine wote. Msiuruke.

Halafu shughuli. Orodha ya klabu kumi na mbili, kila moja miezi mitatu, ni orodha ya mahudhurio. Jambo moja lililofanywa miaka mitatu lina uzito wake. Na kuna kazi ambazo mwombaji mwenyewe hajui kwamba ni sifa: anayelea wadogo zake baada ya shule, anayesimamia biashara ya nyumbani jioni, anayemhudumia mgonjwa. Fomu yetu sasa inauliza wazi majukumu ya nyumbani na saa zake kwa wiki, kwa sababu tusipouliza hawaandiki. Anayetumia saa 20 kwa wiki kulea hana saa 20 za kuwa rais wa klabu, lakini uaminifu, mpangilio na uvumilivu tunaoutafuta kwenye klabu unaweza kuwa umejaa pale nyumbani.

Barua za walimu zisomeni kwa huruma na kwa ukali pamoja. Huruma kwa mwanafunzi, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi mia moja na hamsini anaandika mistari mitatu, na si kosa la mwanafunzi. Ukali kwa maneno yenyewe: "mtiifu, mwenye bidii, anayeheshimu wakubwa" yanaweza kuandikwa kwa mtu yeyote. Tafuta tukio. Barua fupi yenye tukio moja ni bora kuliko kurasa mbili za sifa.

Mtaniuliza kuhusu insha zinazoandikwa na programu za akili mnemba, au na mjomba aliyesoma. Msijifanye wapelelezi. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine hukosea, na wanaoandika kwa lugha wasiyozaliwa nayo wako hatarini zaidi kusingiziwa. Toeni alama kwa ushahidi uliomo, si kwa umaridadi wa sentensi. Insha isiyo na jambo la kweli haipati alama hata ikiwa imeandikwa na malaika. Kwenye usaili tunamwomba mwombaji atueleze zaidi jambo aliloliandika. Aliyeliishi ataongeza vitu ambavyo havikuwa kwenye karatasi: jina la chumba, nani alikataa, kitu gani kiliharibika.

Tukifika kwenye usaili, jopo ni la watu watatu. Maswali ni yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule, na tofauti inakuja kwenye maswali ya kufuatilia tu. Mazungumzo ya kirafiki yasiyo na mpangilio yanawafurahisha wanajopo na hayatabiri vizuri mtu atafanyaje baadaye. Usaili wenye maswali yaliyopangwa na alama zilizofafanuliwa hutabiri vizuri zaidi, na utafiti wa miaka mingi kuhusu ajira umeonyesha hivyo mara kwa mara. Ulizeni yaliyofanyika: "Tueleze mara ulipobadili mawazo kuhusu jambo ulilolishikilia kwa nguvu." Msiulize ndoa, dini, wala chama. Mwombaji akimaliza, dakika tano za kimya, kila mmoja aandike alama zake, kisha mdogo wa jopo aongee kwanza. Mwenyekiti akitangulia kusema, wengine wawili wanakuwa mashahidi wake.

Usaili wa mtandaoni una kanuni yake. Mawasiliano yakikatika, dakika zilizopotea zinarudishwa, na yakikatika mara ya tatu tunahamia simu. Mtandao dhaifu usihesabiwe kuwa ni unyonge wa mtu.

Na jambo moja ambalo naliona lina dhuluma ndani yake: chakula cha jioni na waliofika fainali. Programu nyingi huwaalika wagombea kula pamoja na wahitimu, huwaambia kwamba hakuna anayepimwa, kisha asubuhi wanajopo wanasema fulani alikaa kimya mezani. Ama chakula kina alama, na waambiwe, ama hakina, na kisitajwe kwenye chumba cha jopo. Kwetu hakina.

Mwisho wa uteuzi kuna ukweli wa kuukabili. Kati ya aliyeshika nafasi ya 20 na wa 21, tofauti huwa ni sehemu ndogo ya pointi, ndogo kuliko tofauti ya kawaida kati ya wasomaji wawili. Hatuwezi kudai kwamba wa 20 ni bora. Kwa hiyo tunaweka orodha ya akiba yenye mpangilio, na barua kwa wasiochaguliwa haisemi kwamba hawakufikia kiwango. Inasema nafasi zilikuwa chache kuliko waliostahili, kwa sababu ndivyo ilivyo. Barua zote, za heri na za pole, zinatoka siku moja, saa moja. Mtu asijue amekosa kwa kuona picha ya mwenzake anayeshangilia.

Mwenye ndugu, mtoto wa rafiki au mwanafunzi wake katika maombi ya mwaka huu anajiondoa kwenye mzunguko wote, si kwenye faili hilo tu. Akiendelea kusoma mengine, kila alama ya chini anayotoa inamwinua mtu wake.

Sasa fedha, na hapa ndugu wa bodi wananielewa haraka. Mfuko wa wakfu, yaani ambao mtaji wake umewekezwa na haumalizwi, unaotoa asilimia 4 ya thamani yake kwa mwaka unahitaji mtaji wa mara 25 ya kinachotumika. Ukichukua wafadhiliwa 10 kila mwaka kwa masomo ya miaka minne, una watu 40 kwa wakati mmoja. Arobaini mara 25 ni 1,000. Yaani mtaji uwe sawa na gharama ya mfadhiliwa mmoja kwa mwaka mmoja, mara elfu moja. Watu wanaotaka tuongeze nafasi tano mwakani wapewe hesabu hii kwa upole: nafasi tano zaidi kila mwaka ni mara 500 nyingine. Na kwa kuwa asilimia huhesabiwa kwa wastani wa thamani ya miaka kama mitatu, soko likianguka mwaka huu, maumivu yatafika hatua kwa hatua. Wafadhiliwa waliomo ndani walindwe kwanza, na kupunguza kuanzie kwenye idadi ya wapya.

Fedha ikishakuwepo, hukwama njiani. Ankara ya ada hutoka kabla mwaka wetu wa fedha haujafunguliwa, na mwanafunzi anafungiwa usajili akiwa na barua ya ufadhili mkononi. Dawa yake ni barua ya dhamana kwa mhasibu wa chuo, iwe imefika wiki nne kabla ya usajili, ikitaja majina kama yalivyo kwenye cheti na kiasi kitakacholipwa. Majina ni chanzo cha pili cha ucheleweshaji: cheti kina majina matatu, akaunti ya benki ina mawili, benki inarudisha fedha, wiki tatu zimekwenda. Wanangu, kagueni hilo kabla ya kusafiri.

Posho isigawanywe sawa kwa miezi yote. Mwezi wa kwanza una godoro, vitabu, amana ya chumba na vifaa vya maabara. Unahitaji karibu mara mbili ya mwezi wa kawaida. Na tukilipa miezi kumi tuseme kumi, ili anayebaki chuoni likizo ajue mapema. Ahadi ni deni, na deni la mwanafunzi halingoji kikao cha kamati.

Sharti la kuendelea kufadhiliwa liko kwenye wastani wa alama, na wapo wanaotaka tulipandishe. Tuangalie jimbo la Georgia kule Marekani, ambalo tangu 1993 lina ufadhili wa HOPE unaodai wastani wa 3.0 kwenye kipimo cha 4.0. Wachumi waliofuatilia walikuta wanafunzi wengi zaidi wakichukua mzigo mdogo wa masomo na kujitoa kwenye kozi ili kulinda wastani. Kizingiti kikali kinamfundisha kijana mwenye akili kukimbia hisabati ngumu. Sisi tuwe na kizingiti kisicho kikali, muhula mmoja kamili wa kujirekebisha bila kukatiwa posho, na hesabu ifanywe mwisho wa mwaka, si kila muhula.

Mwaka wa kwanza ndipo tunapowapoteza watu kimyakimya. Aliyekuwa wa kwanza shuleni maisha yake yote anaingia darasa ambalo kila mtu alikuwa wa kwanza. Jaribio la kwanza linarudi na alama ambayo hajawahi kuiona, naye anafanya jambo la asili kabisa: anajificha. Hajibu barua pepe, hafiki kwenye mikutano ya wafadhiliwa kwa sababu anadhani wenzake wote wanaendelea vizuri. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyoambiwa, lakini anayeshika mkoba wa posho hawezi kuwa mtu wa kwanza wa kuambiwa shida. Ndiyo maana ofisi ya fedha na walezi zimetenganishwa, na mlezi haripoti aliyoambiwa isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Tunaomba alama za katikati ya muhula, wiki ya sita au ya saba, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Matokeo ya mwisho wa muhula ni taarifa ya msiba.

Ulezi hushindwa kwa njia moja karibu kila mara: mhitimu anasubiri atafutwe asije akaonekana msumbufu, mwanafunzi anasubiri atafutwe asije akaonekana mwombaji. Miezi miwili inapita, wote wawili wanaona aibu kuanza. Kwa hiyo simu ya kwanza inapangwa na ofisi, tarehe na saa, dakika 30, na mwanafunzi anakuja na maswali matatu aliyoyaandika. Mlezi mmoja asipewe zaidi ya wanafunzi wawili. Na msiwaoanishe kwa taaluma peke yake. Anayesoma uhandisi akiwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu anaweza kufaidika zaidi na mwalimu wa historia aliyepita njia hiyo kuliko na mhandisi aliyezaliwa kwenye nyumba ya wahandisi.

Kwa wahitimu nina ombi dogo la kiofisi lenye uzito kuliko linavyosikika. Anwani ya barua pepe ya chuo hufa baada ya kuhitimu, na pamoja nayo hufa nusu ya daftari letu. Kabla ya kuondoka leo acheni njia mbili za mawasiliano zisizotegemea chuo wala mwajiri, na ya ndugu mmoja ambaye hahamihami. Michango ya fedha tutaiomba siku nyingine. Mwaka huu tunaomba saa.

Kwenye kila meza kuna bahasha tano. Ni maombi ya miaka iliyopita yaliyoondolewa majina ya watu na shule, kwa ridhaa ya wenyewe. Someni yote matano kwa saa moja na robo, kila mtu kwa karatasi yake, kwa kalamu ya wino, bila kumwonyesha jirani. Tukimaliza tutabandika alama zote ukutani, faili moja moja, na tutaanza na lile ambalo tumetofautiana zaidi. Bahasha ya tatu ina kurasa mbili za maelezo ya shule nyuma kabisa. Fungueni.